Kina cha bahari kimekwenda wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, inakuwaje wataalamu wakokotoe mwendo wa tsunami kwa urefu na upana pekee, ilhali bahari ina kina?

Jibu: Kina hakitupwi. Tsunami ya Desemba 2004, iliyotoka Sumatra ikafika hadi pwani yetu, ilikuwa na mawimbi yenye urefu wa mamia ya kilomita, kutoka kilele hadi kilele, juu ya bahari yenye kina cha kilomita 4 hivi, kwa hiyo maji ya juu na ya chini yalisogea kwa kasi inayokaribiana, nasi tukaruhusiwa kutumia wastani wa kasi hiyo, kina kikabaki namba moja katika kila nukta ya ramani. Namba hiyo ina nguvu: kwa mita 4,000, wimbi huenda takriban kilomita 700 kwa saa. Wimbi linapovunjika ukutani bandarini, hesabu hii haitoshi.