Shilingi imetulia, nikope dola?

Kijana mmoja wa Muheza ameniandikia: "Dada, siku hizi shilingi imetulia. Kuna mtu yuko tayari kunikopesha dola kwa riba ndogo nilete spea za bodaboda. Nichukue?"

Usichukue, mdogo wangu.

Spea ndiyo biashara yangu hapa Ngamiani. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, ukienda duka la kubadilishia fedha bei iko ubaoni, dola hakuna. Benki nao, subiri. Jirani yangu wa duka alikuwa na deni la dola. Alinicheka sana nilipokopa shilingi kwa riba kubwa, eti sijui biashara. Basi akaanza kusaka dola za rejesho kwa bei ya magendo, mpaka pikapu ikauzwa. Mimi nilipunguza mzigo tu. Rejesho langu halikuongezeka hata senti. Mpaka leo hanisalimii, kana kwamba mimi ndiye niliyepandisha dola. Haya.

Utulivu ndio unaoponza watu. Thailand waliifunga bei ya fedha yao, baht, kwenye dola, takribani 25 kwa dola moja, miaka na miaka. Makampuni yakaona hakuna hatari, yakakopa dola, yakajenga majumba ya kupangisha kwa baht. Walanguzi wa fedha walipoishambulia kwa kuiuza kwa wingi, benki kuu ilimwaga akiba yake ya dola kuitetea, ikashindwa, na tarehe 2 Julai 1997 ikaiachia bei ipangwe na soko. Kufikia Januari 1998 dola moja ilipita baht 50. Deni mara mbili, kodi ya pango ileile!

Shilingi yetu haikufungwa hivyo. Tangu miaka ya 1990 bei yake inapangwa sokoni, Benki Kuu ikiingilia inapobidi. Haianguki kwa siku moja, inateleza, na kuteleza nako kunaumiza mwenye deni. Vuka mpaka wa Horohoro tu hapo, uingie Kenya: Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, miezi michache baadaye ikarudi 130. Nani alijua?

Anayeuza mkonge nje akikopa dola namwelewa, maana analipwa dola. Wewe mteja wako ni bodaboda wa Muheza, na tangu 2025 kanuni zinakataza kuuziana humu nchini kwa fedha za kigeni. Dola utaitoa wapi? Nenda benki kaulizie mkopo wa shilingi, hata riba ikikuuma. Mzigo wa kwanza uwe mdogo: cheni na breki shuu, hivyo havikai dukani.