Mwanafunzi anayerusha viti: daktari wa akili aje shuleni kufanya nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha. Tuna mvulana wa miaka 11 anayerusha viti, kupiga wenzake na kutukana walimu. Tumemwadhibu, tumemsimamisha masomo mara mbili, habadiliki. Wazazi wamekubali daktari wa magonjwa ya akili aje shuleni. Tumwandalie nini, na je, atampa dawa ili atulie?

JIBU: Mwalimu, kama daktari nitakayekuja, nianze na dawa, maana karibu kila shule huniuliza hilo kwanza. Hakuna dawa ya utukutu. Dawa hutolewa kwa tatizo lililotambuliwa. Methilifenideti, kwa mfano, husaidia watoto wengi wenye ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia, lakini ili tuiite ADHD dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12 na zionekane kwingine pia, si darasani tu. Kwa hiyo mama yake nitamuuliza yaleyale nitakayowauliza ninyi. Akisema nyumbani mtoto ametulia kabisa, itabidi tutafute huko shuleni kinachomwasha.

Niandalieni daftari. Kwa wiki mbili, kila akilipuka, andikeni saa, somo, aliyekuwa karibu, kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata. Hicho cha mwisho husahauliwa sana. Kama kila akirusha kiti anatolewa nje kipindi cha hisabati, huenda amejifunza kwamba kiti humtoa kwenye hisabati, na adhabu yenu inamlipa. Msiandike "alikuwa na kiburi". Andikeni: "Aliambiwa asimame, akanyamaza, mwalimu akarudia kwa ukali, akasukuma dawati." Hapo nina la kufanyia kazi.

Niliwahi kuitwa kwa mtoto aliyesemekana mkaidi na mgomvi. Nikakaa nyuma ya darasa. Kila mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni huku akiongea, mtoto aliacha kufuata, akageuza kichwa, sikio la kulia mbele. Jirani wa kushoto alimwita mara mbili, hakujibu. Alipomgusa bega, mtoto alishtuka na kumpiga kiwiko. Sikio la kushoto lilikuwa likitoka usaha kwa muda mrefu. Ndiyo maana huomba kwanza masikio, macho, usingizi na uwezo wa kusoma vichunguzwe. Hata kule kuduwaa kwa sekunde chache, ambako huitwa dharau, kunaweza kuwa kifafa.

Jiandaeni pia kuulizwa habari zenu. Daktari Gerald Caplan, aliyeweka misingi ya ushauri wa namna hii, wa daktari wa akili kwa wanaowahudumia wengine, alitenganisha ushauri unaomlenga mgonjwa na ule unaomlenga anayemhudumia. Shuleni huwa nafanya yote mawili. Mwalimu aliyepigwa kiti juzi ana hofu halali, na mpango wowote utakaompita yeye hautadumu.

Ila msinisubiri endapo anazungumzia kujiua, amejikata, anasikia sauti wasizosikia wengine, au anatishia kumdhuru mtu na ana kifaa mkononi. Hayo ni ya siku hiyohiyo: asiachwe peke yake, mzazi aitwe, apelekwe hospitali.

Idhini ya wazazi iwe ya maandishi, ieleze nani ataona ripoti. Atakayoniambia mtoto kuhusu nyumbani hayaendi chumba cha walimu, isipokuwa yanayogusa usalama wake. Na yeye mwenyewe aambiwe mapema kwamba nakuja, na kwa nini. Mtoto aliyesimamishwa mara mbili, akiitwa ghafla ofisini, hudhani anafukuzwa, na nusu saa ya kwanza huishia kumtuliza.