Muulize Mwalimu wa Maabara: Seli za baba zimebadilika sura

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu amevuta sigara miaka thelathini. Juzi alichukuliwa kinyama kidogo kwenye njia ya hewa kikapimwe. Majibu yanasema seli ndefu zenye vinyweleo zimegeuka kuwa seli bapa. Je, hiyo ni saratani? Na kwani seli hubadilika umbo?

JIBU: Marahaba, binti. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: mabadiliko hayo peke yake si saratani. Ila si ya kupuuzwa.

Nilipokuwa nikifundisha tishu za epithelia, yaani zile zinazofunika mwili nje na kutanda viungo ndani, somo la kwanza lilikuwa shavu. Mwanafunzi anasugua ndani ya shavu lake kwa kijiti cha pamba, anapaka kwenye kioo, anatonesha rangi ya methilini ya buluu. Kwenye hadubini anaona vipande vyembamba vilivyokunjamana kingo, kila kimoja na kiini chake kama nukta ya wino. Hizo ndizo seli bapa. Shavuni na kwenye umio zimepangwa tabaka juu ya tabaka kwa sababu ya msuguano: za juu zinabanduka, za chini zinapanda. Ngozi nayo ni hivyo, ila yenyewe imeongezewa keratini, protini ileile ya kucha. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, seli bapa ni tabaka moja tu, oksijeni ipite upesi.

Njia ya hewa ina mambo yake. Seli zake ni kama nguzo zisizolingana urefu. Zote zimekanyaga utando mmoja wa chini, lakini viini viko juu na chini, mtu akitazama harakaharaka anahesabu tabaka nyingi. Wengi niliwakata alama hapo! Juu kuna vinyweleo vinavyopiga kasia kwa pamoja, na katikati zimo seli za umbo la kikombe zinazotoa ute. Vumbi linanasa kwenye ute, vinyweleo vinausukuma hadi kooni, unameza bila kujua.

Uliuliza kama seli hubadilika umbo. Za kibofu cha mkojo hubadilika: kikiwa kitupu, seli zake za juu zimevimba kama mto wa kulalia, kikijaa, zinatandazika.

Turudi kwa baba. Moshi hulemaza vinyweleo. Ukizidi miaka na miaka, seli changa zilizo chini huacha kuzaa nguzo, zikazaa seli bapa za tabaka nyingi, kama za shavuni. Kwa hiyo si kwamba nguzo imejilaza ikawa bapa. Aliyezaliwa safari hii ni mwingine. Seli bapa zinauhimili moshi, lakini hazifagii. Ute unalala humohumo, na asubuhi baba anakohoa kuutoa.

Hatari ni moshi ukiendelea: seli hizo zinaweza kuharibika hatua kwa hatua hadi kufikia saratani. Muulize daktari kama majibu yanataja displasia, yaani seli zilizoanza kupoteza mpangilio. Hilo ndilo litakaloamua afuatiliwe vipi.

Akiacha sigara, nguzo zinaweza kurudi. Tena mwambie mapema asije akakata tamaa: kikohozi kinaweza kuzidi majuma ya mwanzo, kwa kuwa vinyweleo vinapoamka vinakuta uchafu mwingi wa kufagia.