Mwanangu, Boksi la Chuma Lisubiri

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata na mama yako nimemsomea wote. Unauliza kama ununue lile boksi la chuma la ngazi tatu uliloliona dukani huko Dodoma, au uendelee na begi la mgongoni, maana kila ukifika kwa mteja kumtengenezea bomba inabidi umwage begi zima sakafuni ndipo uipate bisibisi.

Boksi lisubiri. Zana zako hazina makao, na ukizihamishia kwenye boksi vivyo hivyo zilivyo, utaendelea kuzichimbua humo, tena kwa uzito zaidi. Simaanishi kwamba boksi ni baya. Fundi mwenye gari, au aliye saiti moja miezi kadhaa na ana stoo ya kufungia, namwambia anunue hata leo, kwa sababu linapigwa kufuli na halipasuki. Lakini wewe unapanda bodaboda na daladala. Boksi tupu ni kilo kadhaa kabla hujatia hata nyundo, pembe zake zinakwaruza vigae vya watu, na kwenye pikipiki halina pa kukaa ila mapajani mwako. Utashuka mkono umekufa ganzi, na hapo ndipo kazi inaanza.

Kinachokufaa ni turubai la mifuko, lile tunalolikunja kama mkeka. Linashonwa tabaka mbili: ya chini nzima, ya juu imegawanywa mifuko, kila zana na mfuko wake, isichangie na nyingine. Juu unaachwa ulimi mpana wa kufunika vichwa vya zana ili zisichomoke ukilikunja, na pembeni kamba mbili za kufungia. Mpangilio ufuate mkono unavyokwenda kazini: kwanza futi na penseli, halafu mkasi wa kukatia bomba, bisibisi bapa na ya nyota, plaisi, spana malaya, tupa, msumeno wa chuma. Ukifika unalitandaza sakafuni. Vigae vya mteja vimesalimika, na wewe unaona kila kitu bila kutafuta. Faida kubwa inakuja wakati wa kuondoka. Mfuko ukiwa mtupu unajua palepale kwamba spana imebaki chini ya sinki, si ufike Nkuhungu ndipo ugundue imebaki Ihumwa.

Mashine ya kuchomea PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, ibebe peke yake, na hili nakusisitiza. Inafanya kazi kwenye nyuzi 260 za Selsiasi hivi, na ukishachomoa waya bado inakaa na moto kwa muda mrefu. Ukimaliza iweke kwenye stendi yake, panga vingine vyote, lipwa, zungumza na mwenye nyumba, yenyewe iwe ya mwisho kuingia kwenye mfuko wake. Tena zile soketi zake, ya milimita 20, ya 25 na ya 32, zina ngozi ya tefloni isiyonata plastiki. Zishike uone zilivyo laini. Zikigongana na spana njiani ngozi inachubuka, plastiki iliyoyeyuka inaanza kunata, kiungo kinatoka na makunyanzi, na baadaye maji yanavuja nyuma ya vigae ambavyo mteja ameshalipia. Kila soketi ivishe soksi nzito, kisha zote zikae kwenye kopo moja na ufunguo wake wa kukazia. Gundi ya PVC, ile ya kuunganishia mabomba ya plastiki, iweke mbali kabisa na mashine hiyo, maana mvuke wake unashika moto haraka. Isimame wima, mfuniko umekazwa, ndani ya kopo la plastiki.

Usibebe kila kitu kila siku. Kabla hujatoka, mpigie mteja umuulize: bomba ni la plastiki au la chuma? Panapovuja ni kwenye koki au ukutani? Mwombe akutumie picha. Kwa koki inayovuja, turubai, kopo la washa na oringi (vile vipete vya kuzibia), tredi tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba, na kitambaa vinatosha. Akisema mabomba ni yale ya chuma ya zamani, hapo beba pipe renchi mbili, moja ya kushikilia na nyingine ya kufungulia, kwa sababu ukitumia moja utalizungusha bomba ndani ya ukuta na kufungua kiungo usichokiona. Pipe renchi ya inchi 14 ina karibu kilo moja na nusu. Mbili ni kilo tatu, na ndiyo maana nasema uulize kwanza.

Kwenye boda, begi likae kati yako na dereva. Usilivae mgongoni lina vyuma, mwanangu. Ukianguka nalo, hicho chuma ndicho kitakachokutana na uti wa mgongo, na mimi nataka zana zivunjike wewe ubaki mzima. Meno ya msumeno yavishe kipande cha mpira wa kumwagilia bustani uliochanwa kwa urefu. Bisibisi usiitie mfukoni mwa suruali hata kama ni safari ya mtaa wa pili.

Huku Tanga adui wetu ni chumvi, ndiyo maana unaniona kila jioni na kitambaa cha mafuta. Huko kwako adui ni ukavu. Mpini wa nyundo unanywea na kichwa kinaanza kucheza, kwa hiyo kitikise kwa mkono kabla hujapiga pigo la kwanza. Na kwa kuwa saiti zana huchanganyika na za wenzako, pakeni rangi ya mafuta kila mmoja ya kwake. Wewe chagua moja usiibadilishe.

Za nyumbani ziwe mbali na za kazi: bisibisi mbili, plaisi, spana moja, tesita ya umeme, tredi tepu, ndani ya droo ya jikoni. Zisiingie begini hata siku unayoona imepungua moja, maana usiku bomba likipasuka hapo nyumbani utazihitaji. Na wote mnaoishi hapo wajue valvu ya kufungia maji iko wapi.

Turubai ninalo hapa, kipande kigumu kizuri, na fundi cherehani amekubali kulishona wiki hii. Zipange zana zako sakafuni kwa mpangilio unaoutaka, upige picha uitume, na unipimie urefu wa pipe renchi na wa msumeno pamoja na fremu yake. Kwa kuwa wewe ni wa mkono wa kushoto, nitamwambia mifuko ianzie kulia. Mama yako anasema upime na begi, ili likikunjwa liingie. Likiwa tayari nitalipeleka stendi lije na basi.

Baba yako