Jibu: Bora angebaki kuitwa ana shetani?

Waalaikum salaam, ndugu yangu wa Wete. Unauliza kama ilikuwa bora mdogo wako aendelee kuambiwa ana shetani kuliko kuandikiwa hospitali skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili, maana tangu karatasi ile ijulikane wakwe wamevunja posa.

Shetani, tuseme kweli, ana nafuu moja: anatoka. Mtu akishapungwa, kesho anarudi baharini na hakuna anayemnyooshea kidole. Jina la hospitali likishafika barazani humganda yeye na ukoo mzima. Lakini dawa haziandikwi kwa jina la shetani.

Na kosa si la mwongozo wa madaktari wa kutaja magonjwa peke yake. Mwongozo huo ni ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, nayo haihesabu kupagawa kuwa ugonjwa pale kunapokuwa sehemu ya mila au dini inayokubalika. Kwenye skizofrenia imefuta mafungu ya zamani kama ya paranoia (ya kushuku watu), na daktari anaweza kuandika kama ni mara ya kwanza, inajirudia, au dalili zimetulia kabisa. Hilo la mwisho wakwe hawakuambiwa, naona.

Muulize daktari ameandika lipi. Kisha mtume mzee anayesikilizwa akazungumze nao. Dawa asiache.