Ramani ya babu: 1763 ni mwaka wa bamba, si lazima uwe wa karatasi

SWALI: Assalaam aleikum. Marehemu babu yetu alikuwa baharia. Sandukuni mwake tumekuta ramani ya kisiwa iliyoandikwa "Carte de l'Isle de France", pamoja na jina la Bellin na mwaka 1763. Kuna mtu anataka kuinunua, anasema ilichapwa mwaka huohuo. Nitajuaje ukweli? Tena imechanika kwenye mkunjo. Niipige laminesheni kwanza? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo la haraka. Usiipige laminesheni, wala usiitie selotepu. Plastiki ya laminesheni hushikishwa kwa moto, na gundi yake ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Niliwahi kuletewa ramani ya zamani iliyozibwa mpasuko kwa selotepu upande wa mbele. Nilipoinua ukingo wa utepe taratibu, ngozi ya karatasi ilikuja nao, na jina zima la ghuba likabaki kwenye gundi, herufi zimegeuka kinyume. Sikuweza kulirudisha. Yako ilaze bapa kati ya karatasi mbili safi nyeupe, mbali na jua na unyevu, uiache hivyo.

Sasa ramani yenyewe. Isle de France ndiyo Mauritius. Wafaransa walikitwaa kisiwa mwaka 1715 wakakipa jina hilo; Waingereza walipokiteka mwaka 1810 wakarudisha jina la zamani la Waholanzi. Jacques-Nicolas Bellin alizaliwa Paris mwaka 1703, akafariki 1772. Aliingia kijana kabisa katika ofisi ya ramani ya jeshi la majini la Ufaransa, akaitumikia kwa nusu karne. Hakuwa mtu wa kusafiri. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani, kupokea vipimo na taarifa za manahodha na wataalamu, kuzilinganisha, kisha kuchora. Kisiwa hiki kilipimwa mwaka 1753 na padri mnajimu, La Caille, aliyetokea Rasi ya Tumaini Jema kutazama nyota.

Mnunuzi wako anapokosea ni hapa. Ramani za wakati huo zilichongwa kinyume juu ya bamba la shaba. Wino ulipakwa ukajaa kwenye michoro, bamba likapanguswa, kisha karatasi yenye unyevu ikabanwa juu yake kwa mashine ya magogo. Bamba la namna hiyo hudumu miaka mingi. Ofisi ile iliyatunza mabamba yake na kuyachapa tena kila chati, yaani ramani za baharini, zilipohitajika, hata baada ya Bellin kufa, na mwaka uliochongwa uliweza kubaki palepale. Kwa hiyo 1763 inakuambia kuhusu shaba. Umri wa nakala yako uulize karatasi.

Nenda dirishani asubuhi, uiinue mbele ya mwanga. Karatasi ya enzi hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, ikachujwa kwenye fremu ya nyaya. Utaona mistari myembamba iliyosongamana, na mingine michache iliyoachana kama upana wa vidole viwili, ikikatiza ile ya kwanza. Ukiona karatasi laini isiyo na mistari yoyote, basi ni chapa ya baadaye. Kisha pitisha ncha ya kidole pembeni mwa mchoro: ukingo wa bamba huacha bonde dogo kuzunguka ramani yote, isipokuwa kama kingo za karatasi zilikatwa. Halafu tafuta kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa kinatosha, uangalie mstari mmoja wa pwani. Wino wa shaba ni mweusi usiokatika, umeinuka kidogo juu ya karatasi. Ukiona vidoto vidogovidogo vimejipanga, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa, na hakuna haja ya kuendelea.

Angalia na kona ya juu. Bellin alitoa pia atlasi ndogo ya juzuu 5 mwaka 1764, na ramani zake zimeandikwa "Tome" na namba ya juzuu. Hizo zina ukubwa wa ukurasa wa kitabu na bado zinauzwa kwa wingi. Chati kubwa ya mabaharia, inayofunika nusu ya meza, ndiyo adimu, kwa sababu ilitumika chomboni ikalowa na kuchakaa.

Kwetu sisi watu wa pwani ina uzito mwingine. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na mashamba ya Isle de France yalihitaji watu hao. Ghuba na bandari unazoziona kwenye karatasi hiyo ndiko wengi wao walikoshushwa. Ndiyo maana ningependa ramani ipigwe picha kamili, mbele na nyuma, kabla haijatoka nyumbani kwenu, hata mkiamua kuiuza.

Ukishafanya vipimo hivyo vitatu, niandikie ulichokiona. Mnunuzi mwambie asubiri.