Kitabu cha katuni nilichokificha juu ya kabati

Mdogo wangu alipokuja likizo kutoka Uingereza alimletea mwanangu vitabu vya hadithi za katuni, vinene kweli kweli. Mtoto yuko darasa la tano hapa Wete, Pemba, na kitabu cha skuli hakishiki mpaka nimsimamie. Hivi akavishika tangu magharibi mpaka umeme ukakatika. Badala ya kushukuru, nikamnyang'anya. "Soma vitabu, wacha kuchezea picha!" Nikavitia juu ya kabati, nyuma ya vyombo vya wageni.

Na mimi ndiye yule yule niliyekuwa nikificha gazeti la katuni la Sani ndani ya daftari la jiografia, nikicheka na Madenge wake kimya kimya mwalimu akiandika ubaoni.

Usiku mmoja nikateremsha kimoja nikitazame. Kinaitwa When Stars Are Scattered, cha mwaka 2020, na Victoria Jamieson amekitunga pamoja na Omar Mohamed. Maisha yanayosimuliwa ni ya huyo Omar, Msomali aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, pamoja na mdogo wake Hassan. Hassan neno lake ni moja tu, "hooyo", yaani mama kwa Kisomali. Omar anapata nafasi ya kusoma, lakini akenda skuli, mdogo wake atabaki na nani? Sikulala mpaka saa saba. Asubuhi nikavirejesha vyote mezani, sikusema kitu.

Mzazi mwenzangu, kama na wewe una mtoto wa umri huu, usimharakishe kwenye picha zisizo na maneno. Huko ndiko kwenye kazi. Tulikuwa na El Deafo, ambamo Cece Bell anaeleza utoto wake akiwa kiziwi, na watu wote kawachora sungura. Betri ya kifaa chake cha kusikilizia ikiisha, maandishi kwenye viputo vya maneno yanafifia mpaka kiputo kinabaki kitupu. Mwanangu akanijia mbio, kitabu kimechapwa vibaya! Nikamwambia tazama tena. Akatazama, akanyamaza, halafu: "Mama, kumbe hapa na mimi sisikii."

Kiingereza nacho kilitutoa jasho. Mwanzo nilimtaka anitafsirie kila sentensi; ikawa mtihani, akakikimbia kitabu. Siku hizi anasoma peke yake, kisha mimi nikikaa kwenye mbuzi nakuna nazi, yeye ananihadithia kwa Kiswahili. Neno asilolijua, mara nyingi uso wa mchoro umeshamwambia nusu yake. Akirudia kile kile mara ya nne, muache. Mara ya kwanza anakimbilia kisa tu. Ni mara ya tatu ndipo aliponionesha kitu kidogo pembeni ya picha ambacho mimi mtu mzima nilikipita.

(Vile vya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wageni huvishangaa, mtoto atokaye chuoni na msahafu mkononi hana la kushangaa.)

Lakini hivi vya Kiingereza visome wewe kwanza. Ni vya watoto wa miaka minane mpaka kumi na mbili hivi, ila watoto wa huko Ulaya na Marekani: utakuta wazazi walioachana, wanafunzi wanaopendana, msichana anayepata hedhi ya kwanza. Sisemi uvifungie. Mimi kimoja nilikisoma nikajua atauliza nini, na akauliza hicho hicho, tunakula, mbele ya bibi yake. Angalau nilikuwa na jibu.

Atakayekwambia hivi si vitabu, mtajie New Kid cha Jerry Craft, kisa cha kijana mweusi anayepelekwa skuli ya watoto wa matajiri. Mwaka 2020 kilipata medali ya Newbery, ambayo Marekani huitoa kwa vitabu vya watoto tangu 1922, na ndiyo riwaya ya kwanza ya katuni kuipata.

Bei ni ghali na madukani kwetu sijaviona. Agiza vilivyotumika kwa jamaa anayekuja, kisha mbadilishane na majirani. Andika jina kwa wino usiofutika. Kimoja chetu kilikwenda Konde hakijarudi.

Likizo hii nilimpa karatasi nikamwambia aigawe visanduku sita, anichoree jambo lolote lililotokea nyumbani. Akachora mama mwenye mdomo mkubwa kama mlango wa banda, kanga imemteleza kichwani, mkono mmoja juu ya kabati. Kiputo changu kimejaa maneno mpaka yanamwagika nje ya kisanduku. Chake yeye, mtoto mdogo pale chini, kitupu.

Nikamuuliza, "Hapa ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema zimebaki kurasa nne tu."